Chuma Imevuta: Jinsi Meli Zilizokatika Zilivyoifundisha Kompyuta Kuchomelea

Wacha nianze na geti.

Mwaka jana tulitengenezewa geti jipya nyumbani. Fundi alipima poa, mimi mwenyewe nilikuwa hapo nikimshikia tepu. Vipimo vilikuwa sawa, chuma ni mpya, kona zote nyuzi 90. Akawasha mashine, akachomelea upande mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akahamia upande wa pili. Jioni tulipolisimamisha kwenye bawaba, komeo likakataa kuingia kwenye tundu lake. Kona moja ya juu ilikuwa imetoka nje karibu upana wa kidole. Nikamwangalia fundi. Hakushtuka hata kidogo. "Chuma imevuta," akasema, akachukua nyundo.

Imevuta. Neno moja tu, na kwake hiyo ilikuwa explanesheni tosha. Kwangu haikutosha. Imevuta nini? Nani alikuwa anaivuta? Nikaingia kusoma usiku huo nikidhani nitamaliza kwa dakika kumi, na mpaka leo sijamaliza. Kumbe swali la geti letu ndilo lile lile lililowanyima usingizi wahandisi wa Ubelgiji, wajenzi wa meli wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na maprofesa wa Osaka, Ottawa na Rhode Island waliokaa mbele ya kompyuta miaka na miaka wakijaribu kutabiri chuma itavuta wapi na kwa kiasi gani.

Na niseme msimamo wangu mapema ndio tusizungushane. Rika letu tunapenda kuamini kwamba kompyuta ndiyo inayojua na fundi wa jua kali anabahatisha. Historia ya hii kitu haisemi hivyo. Lakini pia haisemi kwamba fundi anajua kila kitu. Kuna kitu kimoja ambacho jicho la fundi haliwezi kuona kamwe, na hicho ndicho kiliwaua watu.

Kwanza tuelewe chuma inafanya nini. Fikiria watu watatu wa urefu mmoja wamesimama bega kwa bega, wamefungwa pamoja kichwani na miguuni kwa kamba isiyonyooka. Yule wa katikati anapata joto kali. Mwili wake unataka kurefuka, lakini wale wawili wa pembeni bado ni baridi na wanamkatalia. Kwa vile joto limemlainisha, anakosa pa kwenda, anajibonyeza mwenyewe na kuwa mnene badala ya kuwa mrefu. Sasa anapoa. Anapopoa anasinyaa, na kwa kuwa alishabonyezwa, urefu wake wa haki sasa ni mfupi kuliko wa wenzake. Lakini bado wamefungwa pamoja. Kwa hivyo yeye anawavuta wao chini, nao wanamvuta yeye juu. Ukiwaangalia kwa nje wametulia tu. Ndani, wote wanakaza misuli, na watakaza hivyo miaka yote.

Huo ndio mkazo uliobaki ndani ya chuma baada ya kuchomelea. Na kama joto liliingia upande mmoja tu, mvutano hauko sawa, kitu kizima kinapinda. Geti langu.

Ukiweka namba ndio unaona uzito wake. Chuma ya kawaida ya ujenzi yenye urefu wa mita 1 hurefuka kama milimita 1.2 ukiipasha joto kwa nyuzi 100. Inaonekana kidogo. Lakini ukiizuia isirefuke kabisa, hizo nyuzi 100 hivi zinatosha kuifikisha kikomo chake cha kuvumilia, pale inapoanza kubonyea bila kurudi. Na pale rodi inapogusa, chuma inayeyuka, yaani inapita nyuzi 1,400. Kwa hivyo karibu kila mshono unaouona, kuanzia kwa kitanda cha bweni mpaka kwa daraja la watu juu ya Thika Road, ulimaliza kazi ukiwa na mkazo unaokaribia kikomo cha chuma yenyewe. Kwa chuma ya kawaida hiyo ni kama tani 2 na nusu kwa kila sentimita 1 ya mraba. Kabla hata mtu mmoja hajakanyaga hapo.

Sasa twende Ubelgiji. Miaka ya 1930 walikuwa wanajenga madaraja juu ya mfereji wa Albert kwa mtindo mpya: chuma iliyochomelewa badala ya kufungwa kwa ribiti. Ilikuwa nyepesi, safi, ya kisasa. Daraja la Hasselt lilikuwa na urefu wa karibu mita 75. Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1938, likiwa bado jipya kabisa, lilipasuka kwa mlio mkubwa na dakika chache baadaye likawa ndani ya maji. Hakukuwa na mzigo wa ajabu juu yake. Januari 1940, kwenye baridi kali, madaraja mengine mawili ya aina hiyo yakapasuka.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba huko huko Brussels, mwaka 1935, mtu anayeitwa Daniel Rosenthal alikuwa tayari ameshaandika hesabu ya jinsi joto linavyosambaa wakati wa kuchomelea. Alichukua moto wa mashine akaufanya kuwa nukta moja inayotembea kwenye bamba la chuma, kisha akatafuta fomula ya joto la kila mahali kuzunguka hiyo nukta. Baadaye alienda Marekani, na toleo lake la 1941 ndilo lililojulikana dunia nzima. Hakuwa na kompyuta. Ni kalamu na karatasi. Fomula hiyo bado inafundishwa, ingawa ina kasoro moja ya kuchekesha: katikati kabisa ya hiyo nukta, joto linakuwa halina mwisho. Yaani hesabu inakwambia vizuri kinachotokea sentimita mbili kutoka kwa moto, lakini pale pale mahali fundi anapoangalia kupitia kioo cheusi, inakuwa upuzi.

Kisha vita. Marekani ilihitaji meli za mizigo haraka kuliko manowari za Ujerumani zilivyoweza kuzizamisha. Wakaamua kuzichomelea. Kuanzia 1941 mpaka 1945 walijenga zaidi ya meli 2,700 za aina ya Liberty, na wengi wa waliozijenga hawakuwa wamewahi kuona yadi ya meli maishani. Maelfu ya wanawake walifunzwa kuchomelea kwa muda mfupi na kupewa rodi. Novemba 1942 meli moja, Robert E. Peary, iliunganishwa kwa siku 4 na saa 15 na nusu. Sawa, hiyo ilikuwa sehemu ya propaganda, vipande vikubwa vilikuwa vimeandaliwa kando mapema. Lakini bado. Kuna nyumba hapa Nairobi zimechukua muda mrefu zaidi kupakwa rangi.

Tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta Schenectady ilikuwa imefungwa gatini Portland, Oregon. Haikuwa Liberty, ilikuwa aina kubwa zaidi inayoitwa T2, lakini imechomelewa vile vile. Ilikuwa mpya, imerudi tu kutoka majaribio ya baharini. Maji yalikuwa matulivu. Usiku, bila onyo, ilikatika. Ufa ulipita sitaha yote na kushuka pande zote mbili, bamba la chini pekee ndilo lililobaki, na meli ikajikunja kama kisu cha mfukoni, katikati ikiwa juu, mbele na nyuma zimelala chini ya mto. Mlio ulisikika maili nzima. Miezi miwili baadaye, Machi, Esso Manhattan ikakatika nje ya bandari ya New York.

Meli ya ribiti ikipasuka, ufa ukifika mwisho wa bamba unasimama, kwa sababu bamba linalofuata ni kipande kingine. Meli iliyochomelewa ni kipande kimoja cha chuma kutoka mbele mpaka nyuma. Ufa ukipata njia, hakuna mlango wa kuuzuia.

Watu wakaanza kulaumu. Waliolaumiwa kwanza, kama kawaida, ni waliochomelea. Wengine wakasema ni ule mkazo uliofungiwa ndani ya chuma. Serikali ya Marekani ikaunda bodi ya uchunguzi, na ripoti yake ya 1946 haikumpa kila mtu jibu alilotaka. Ndiyo, kulikuwa na mishono mibovu. Lakini shida kubwa zilikuwa mbili: chuma yenyewe, ambayo kwenye baridi inageuka kuwa kama kigae, na mchoro wa meli, uliokuwa na mashimo ya kupakia mizigo yenye kona kali za mraba. Kona kali ndipo ufa huzaliwa. Kule Cambridge, Constance Tipper, mwanamke pekee aliyekuwa mhadhiri wa kudumu kwenye idara yao ya uhandisi, alionyesha jinsi chuma ile ile inavyopasuka kwa namna mbili tofauti kutegemea halijoto. Bodi ilisema mkazo uliobaki haukuwa sababu kuu. Leo wahandisi wengi wanauweka katikati: peke yake hauwezi kukata meli ya chuma nzuri, lakini kwa chuma mbaya, kwenye baridi, karibu na ufa mdogo, unauanzisha ufa huo safari.

Suluhisho la haraka lilikuwa la kifundi kabisa. Walizungusha zile kona. Wakarudisha mistari michache ya ribiti kwenye meli ili ufa ukifika hapo usimame.

Lakini swali lilibaki pale pale: mkazo huo ni kiasi gani, na uko wapi? Ukitaka kuujua kwa kupima, unaiharibu kazi. Tangu 1934 kulikuwa na mbinu ya kutoboa shimo dogo kwenye chuma na kupima jinsi pembeni zinavyolegea. Inafanya kazi, lakini huwezi kutoboa meli nzima ili uhakikishe kwamba haitapasuka. Ni kama kukata mkate wote vipande kujua kama umeiva. Wateja watakula nini?

Hapo ndipo kompyuta inaingia, na iliingia kwa mlango wa ndege. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha njia ya kukokotoa bawa la ndege kwa kulikata kimawazo kuwa vipande vidogo, kila kipande na hesabu yake rahisi, kisha kuviunganisha vyote. Clough aliipa mbinu hiyo jina lake la kitaalamu mwaka 1960. Wazo ni lile la mosi: tatizo kubwa lisilotatulika, ligawe mpaka liwe maelfu ya matatizo ya darasa la nane.

Kuchomelea kulikuwa kugumu kuliko bawa. Bawa la ndege likibeba mzigo linapinda kidogo na kurudi. Mshono haurudi. Chuma inabadilisha tabia kwa kila nyuzi joto: ikiwa baridi ni ngumu, ikiwa nyekundu ni kama unga uliokandwa, ikiyeyuka ni uji. Ikipoa, punje zake za ndani zinajipanga upya na kwa muda mfupi inavimba badala ya kusinyaa. Na moto wenyewe hautulii, unatembea. Kwa hivyo kila sekunde unapaswa kukokotoa upya joto la kila kipande, kisha nguvu za kila kipande, kisha usogee sekunde inayofuata.

Mwaka 1971 Ueda na Yamakawa wa Osaka walichapisha hesabu ya namna hiyo. Mwaka 1973 Hibbitt na Marcal wa Chuo Kikuu cha Brown, Rhode Island, wakatoa yao. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya simu unayosomea hii, ndogo sana, kwa hivyo walilazimika kukata mshono katikati na kuangalia sura ya mkato tu, kama kipande cha keki. Hibbitt, kwa wale mnaosoma uhandisi, ndiye huyo wa Abaqus. Yeye na Karlsson na Sorensen walianzisha kampuni mwaka 1978.

Ile nukta ya Rosenthal isiyo na mwisho ilikaa miaka mingi. Mwaka 1984 John Goldak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, waliacha nukta wakachora moto kama yai lililolala: mbele fupi, nyuma refu, kwa sababu moto unaotembea huacha mkia. Ni wazo ambalo yeyote aliyewahi kuangalia dimbwi la chuma iliyoyeyuka likifuata rodi angekupa bure. Lilichukua wanasayansi karibu miaka 50 kulifikisha kwenye hesabu. Siwadharau. Nasema tu.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi kwenye hadithi hii yote ni ya Ueda tena, 1975. Aliona kwamba kukokotoa kila sekunde ya moto kwa meli nzima ni ndoto. Mita nyingi mno za mshono. Akasema: mwisho wa siku, kinachopindisha chuma ni ule ufupi uliobaki karibu na mshono, yule mtu wa katikati aliyebonyezwa. Sasa sahau moto. Tafuta huo ufupi kwa kupima kwenye vipande vya majaribio, uingize moja kwa moja kwenye hesabu, na uiache kompyuta ikuambie muundo mzima utapinda vipi. Mpaka leo yadi za meli hutumia mbinu za ukoo huo kuamua waanze kuchomelea wapi na wamalizie wapi.

Sasa nisikilize. Fundi akisema "chuma imevuta", hajakokotoa moto. Anajua tu kwamba mshono wa urefu huu, kwa bomba la unene huu, utavuta kiasi hiki. Ndio maana fundi mzuri anataki kona zote kwanza kabla ya kufunga mshono wowote. Anaruka kutoka kona moja hadi ya mbali. Anafunga kipande cha chuma cha kuvuka ili fremu isisogee. Mwingine anaipinda kidogo upande wa pili makusudi, ikivuta inarudi sawa. Hiyo ni mbinu ya Ueda bila kompyuta. Aliyetengeneza geti letu alikuwa na haraka siku hiyo, basi.

Kwa hivyo fundi anaijua njia ya kupinda. Asichokijua, na hawezi kukijua, ni mkazo. Kupinda unaona kwa jicho, mkazo hauonekani. Tena ukweli mchungu ni huu: ukiifunga fremu kwa nguvu isisogee, inapinda kidogo lakini mara nyingi mkazo unaobaki ndani unakuwa mkubwa zaidi. Geti lililonyooka kabisa linaweza kuwa ndilo lenye hasira nyingi.

Kwa geti haijalishi. Lakini tarehe 27 Machi 1980, kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, jukwaa la Alexander Kielland lilikuwa linatumika kama hosteli ya wafanyakazi wa mafuta. Watu 212 walikuwa ndani. Mhimili mmoja ulikatika, mguu mmoja kati ya mitano ukang'oka, na jukwaa likapinduka. Watu 123 walikufa. Ufa ulianzia kwa mshono mdogo wa milimita 6 uliokuwa umeshika kifaa cha kusikilizia sauti za majini. Si mshono wa kubeba mzigo. Ni kile kitu ambacho kwa mjengo ungemwachia kijana wa mkono akimalizie. Wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa, maana yake ulikuwapo kabla jukwaa halijapakwa rangi yadini.

Na mwaka 2002, kule Ohio, mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse. Mabomba yanayopita kwenye kifuniko cha tanuri yalikuwa yamechomelewa hapo miaka mingi nyuma. Mkazo uliobaki kwenye mishono ile, pamoja na maji ya moto, ulifungua nyufa taratibu. Maji yenye asidi yakapenya, yakaila chuma ya kifuniko mpaka likabaki tabaka jembamba la chuma isiyoshika kutu, chini ya sentimita 1, kati ya ndani ya tanuri na nje. Lilikuwa limevimba tayari. Hakuna aliyekufa. Hapo ndipo mkazo uliobaki ulipopata heshima yake, na pesa za utafiti pia.

Wakaanza kufanya kitu kizuri sana kwa maoni yangu: mitihani ya siri. Mshono mmoja unatengenezwa, vikundi vya nchi mbalimbali vinapewa michoro na vipimo vile vile, kila kimoja kinakokotoa kwake bila kuona majibu. Kisha mkazo halisi unapimwa kwa kutoboa, au kwa kurusha nyutroni ndani ya chuma. Ulaya walianzisha mtandao wao wa kazi hiyo 2002, Marekani nao wakafanya yao kwa mabomba ya nyuklia. Ukiziona grafu za kwanza utacheka. Mistari imetawanyika kama waya za umeme mtaani. Umbo la jumla wengi walilipata, lakini ukubwa ulitofautiana sana, kutegemea kila mtu aliamua chuma inakuwa ngumu vipi ikibonyezwa na kuvutwa tena na tena. Wataalamu wale wale, programu zinazofanana, majibu tofauti.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Kuna programu ya bure inaitwa CalculiX, nikaiweka kwenye laptopu yangu inayopiga kelele kama jenereta, nikachora upande mmoja wa geti letu, nikaweka yai la Goldak, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi iliniambia kona itatoka nje, upande ule ule hasa iliotoka. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaangalia kiasi: milimita 4. Nikatoka nje na rula. Kabla ya nyundo kona ilikuwa imetoka kama 15, nilikuwa nimepiga picha.

Nikamtafuta fundi nikamuuliza aliweka mashine kwa ampia ngapi siku ile. Akanicheka. Ile namba imefutika kwa kitasa, akasema, yeye huweka kwa kusikiliza sauti. Akanionyesha: akageuza kidogo, rodi ikanguruma kama mafuta ya chipo kwenye karai, akasema hapo. Nilirekodi hiyo sauti kwa simu. Bado sijajua nitaiingizaje kwenye hesabu.